Upanga Ukiponyoka: Miaka Hamsini ya Kuboronga kwa Dadu

Mwaka 1979, katika mwongozo wa waendesha mchezo wa Advanced Dungeons & Dragons, Gary Gygax aliwanyima wasomaji wake kitu walichokuwa wakikitaka sana. Meza nyingi zilikwishazoea kwamba dadu yenye nyuso 20 ikiangukia 20, pigo hilo huumiza maradufu, au hata huua papo hapo. Gygax alikataa, na hoja yake haikuwa ya ladha tu. Kanuni ya namna hiyo, alisema, haina budi kukata kuwili: shujaa akiruhusiwa kumfyeka zimwi kwa bahati, zimwi naye aruhusiwe, na hapo umri wa mashujaa utafupika mno. Hesabu iko upande wake. Zimwi hutokea katika pambano moja, akafa, akasahauliwa. Shujaa yumo katika mapambano yote, kwa hiyo kila balaa linaloachiwa dadu halina budi kumfika yeye, leo au mwezi ujao.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: Dungeons & Dragons, kazi ya Gygax na Dave Arneson, ulitoka mwaka 1974 huko Lake Geneva, Wisconsin, ukiwa vijitabu vitatu ndani ya kisanduku, nakala 1,000 kwa mkupuo wa kwanza. Kila mchezaji ana mhusika wake. Mmoja wao huendesha mchezo, husimulia kilichopo mbele yao na kuamua kinachofuata. Penye shaka, dadu hutupwa. Desturi hiyo ilirithiwa kutoka michezo ya vita iliyotumika kuwafunza maofisa wa jeshi la Prussia karne ya 19. Katika vile vijitabu vitatu, kukosa kulikuwa kukosa tu. Hakuna aliyeangusha upanga wala kumchoma mwenziwe.

Pigo kuu, lile la dadu ya 20, lilitangulia. Mwaka 1975 M.A.R. Barker, profesa katika Chuo Kikuu cha Minnesota, aliliweka katika Empire of the Petal Throne, mchezo uliochapishwa na TSR, kampuni ileile ya Gygax. Pacha wake, yaani kuboronga, alifuata nyuma akichechemea. Dave Hargrave wa California alimpa jedwali lake katika The Arduin Grimoire mwaka 1977, kitabu kilichojaa vifo vya kutisha na vya kuchekesha. Kisha Julai 1980, mwaka mmoja tu baada ya Gygax kukataa, jarida la Dragon la TSR yenyewe lilichapisha majedwali ya Carl Parlagreco, moja la mapigo mazuri, jingine la mapigo yaliyokwenda kombo. Mlango uliofungwa na mwenye nyumba ulifunguliwa na watoto wake.

Kanuni iliyoenea mezani ni rahisi kuikumbuka, na ndiyo siri ya maisha yake marefu: ukitupa 1, umeboronga. Ugwe wa upinde unakatika, upanga unaruka, mguu unateleza. Uwezekano ni asilimia 5, kwa bingwa na kwa mwanagenzi vilevile. Hapo ndipo tatizo linapoanza. Katika toleo la 2014 la Dungeons & Dragons, askari wa ngazi ya kwanza hupiga mara moja kwa zamu, na askari wa ngazi ya 20, ambaye hana wa juu yake, hupiga mara nne. Mara nne maana yake ni kutupa dadu nne, na uwezekano wa kupata angalau 1 moja unapanda hadi zaidi ya asilimia 18. Kwa kanuni hii bingwa wa panga duniani hujikata kidole karibu mara nne zaidi ya kijana aliyeshika upanga jana. Mchawi naye, ambaye uchawi wake mwingi humlazimisha adui ndiye atupe dadu, hukaa pembeni salama salimini. Ajali haina kinga, sawa, lakini hii inawaandama wenye ujuzi.

Kinachonishangaza ni kwamba dawa ilipatikana mapema. Mchezo wa RuneQuest wa mwaka 1978, kutoka kampuni ya Chaosium, ulitumia dadu za asilimia, na hatari ya kuboronga ilipungua kadiri ujuzi ulivyoongezeka. Asiyejua kitu aliboronga akitupa 96 hadi 100. Aliyekomaa alibakiwa na ile 100 peke yake. Steve Perrin, mmoja wa watunzi wake, alikuwa mwanachama wa Society for Creative Anachronism, chama kilichoanzia Berkeley mwaka 1966, ambako watu huvaa deraya na kupigana kwa panga za henzerani. Wazo kwamba mkono uliozoea hukosea kwa nadra halikuwa geni kwa watu hao. Hata hivyo jedwali lao halikuwa na huruma: kumpiga rafiki aliye karibu lilikuwa tokeo halali, na kujipiga mwenyewe pia.

Arms Law, kitabu cha kanuni za mapigano cha mwaka 1980, kiliipa kila silaha kiwango chake cha hatari ya kuboronga. Michezo iliyotoka katika ukoo huo ndiyo iliyoleta tokeo maarufu la mtu kujikwaa kwa kobe mfu asiyeonekana na wa kufikirika tu. Jedwali linapofika hapo, sidhani linadai tena kuiga vita.

Vampire: The Masquerade, mwaka 1991, iliteleza upande mwingine. Mchezaji alitupa dadu kadhaa zenye nyuso 10, na kila 1 ilifuta fanikio moja, yaani dadu moja iliyofikia lengo. 1 zikizidi mafanikio, umeboronga. Kazi ikiwa ngumu kabisa, ya kuhitaji 10 kamili, mwenye dadu moja aliboronga kwa asilimia 10, mwenye mbili 17, mwenye tatu 22. Dadu nyingi zilikuwa alama ya ustadi! Toleo la 1998 lilirekebisha: ukipata hata fanikio moja, huborongi, hata kama 1 zimelifuta.

Dungeons & Dragons yenyewe haijaifanya kanuni ya kuboronga kuwa sheria. Mwaka 2000 iliwekwa kama hiari kwa waendesha mchezo. Katika toleo la 2014, 1 katika shambulio ni kukosa tu. Lakini nenda kwenye meza nyingi utaikuta, kwa sababu wachezaji hawaikumbuki kwa hesabu zake. Wanakumbuka kicheko cha usiku ule mpiga upinde alipomlenga joka akampata punda wa msafara.

Mchezo wa Pathfinder, katika toleo lake la pili la 2019, ulijaribu kupatanisha hesabu na kicheko. Kuboronga ni kupungukiwa na lengo kwa 10 au zaidi, na 1 hushusha tokeo kwa daraja moja, hivyo ujuzi unahesabika tena. Paizo, wachapishaji wake, wanauza pia pakiti ya karata za kuboronga, kwa meza zinazotaka ugwe uendelee kukatika.