Mkonge wa Voi na shamba la Mirihi

Leo naweka kompyuta kando kidogo tuzungumzie mimea. Kila nikisikia mipango ya kulima kwenye sayari ya Mirihi, mimi huwaza mkonge wa Taita Taveta.

Ukipita barabara ya Voi kwenda Mwatate, utadhani mkonge ni mwenyeji. La hasha! Kwao ni Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapitia Hamburg hadi Tanga. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Hiyo 62 ndiyo iliyoanzisha kilimo cha mkonge Afrika Mashariki, na leo shamba la Teita pale Mwatate ni miongoni mwa makubwa duniani.

Kwa nini ulikubali? Mkonge hufungua vitundu vya majani yake usiku, jua likishatua, hivyo haupotezi maji mengi. Voi, yenye joto na mvua haba, ilifanana na kwao.

Sasa tazama kinyume chake. Katika msitu wa Mbololo, milima ya Taita, kuna ua dogo la zambarau liitwalo Saintpaulia teitensis. Hupenda kivuli na unyevu wa ukungu. Mbololo si mbali na Voi, lakini kwa ua hilo Voi ni sayari nyingine. Msitu ukikatwa, halina pa kukimbilia.

Sisi waandika programu twalijua jambo hili: programu haihami peke yake, huhitaji mazingira yake yote. Mmea nao ni hivyo hivyo. Mirihi ina baridi kali, na kanieneo ya hewa yake haifiki 1% ya yetu. Mwaka 2008 chombo Phoenix kilikuta udongoni chumvi za pakloreti, ambazo ni sumu. Hata mwezini, Januari 2019, mbegu ya pamba ilichipua ndani ya chombo cha Wachina, Chang'e 4. Usiku wa mwezini ulipoingia, baridi ikaua mche.

Kwa hiyo mkulima wa Mirihi hatabeba mbegu tu. Itabidi abebe Mbololo yake: maji, joto, hewa na udongo wenye uhai, vyote ndani ya nyumba iliyozibwa. Sisi tunayo Mbololo tayari, tena bure. Je, tunaitunza?