Majani machanga katika chakula cha mbwa: yanayofaa na yanayodhuru

Katika soko la asubuhi la Warwick, katikati ya jiji la Durban, Afrika Kusini, mafungu ya majani mabichi huuzwa tangu alfajiri: mchicha wa kijani na mwekundu, majani machanga ya maboga, uwatu na giligilani. Wazulu huziita mboga za namna hii imifino, jina linalojumuisha pia majani yanayochumwa porini na kandokando ya mashamba. Wakazi wa Durban wenye asili ya India, ambao wahenga wao walianza kuletwa Natal mwaka 1860 kufanya kazi katika mashamba ya miwa, nao wana mapishi yao ya mboga hizo.

Masalio ya mapishi hayo, mara nyingi, huishia katika bakuli la mbwa. Katika vitongoji kama Umlazi na KwaMashu, mbwa wengi huishi kwa uphuthu, ugali mkavu uliochambuka wa mahindi, pamoja na chochote kilichobaki jikoni. Hali hiyo haitofautiani sana na ya mbwa wa Mwanza, Kisumu au Bujumbura, wanaolinda nyumba usiku na kulishwa ugali mchana. Kwa mwenye mbwa asiyemudu chakula cha dukani, swali ni la msingi: je, majani machanga yanaweza kuboresha mlo wa mnyama huyo?

Jibu la wataalamu wa lishe ya mifugo ni kwamba yanaweza, kwa kiasi kidogo na yakitayarishwa vizuri. Lakini hayawezi kuchukua nafasi ya nyama, samaki au mayai.

Tumbo la mbwa

Mbwa ni mla nyama kwa asili, ila maelfu ya miaka ya kuishi na binadamu yamembadilisha. Mwaka 2013 watafiti walichapisha katika jarida la Nature ushahidi kwamba mbwa wana nakala nyingi zaidi za jeni inayosaidia kusaga wanga kuliko mbwa-mwitu waliotokana nao. Ndiyo maana mbwa anaweza kuishi kwa ugali, jambo ambalo lingemshinda mbwa-mwitu.

Hata hivyo, mbwa hana uwezo wa ng'ombe au mbuzi wa kuvunja nyuzinyuzi za majani. Jani zima lililo bichi hupita tumboni mwake na kutoka karibu kama lilivyoingia. Majani machanga yana nafuu kwa kuwa hayajakomaa na kuwa magumu. Yakikatwakatwa na kupikwa, mwili hupata zaidi kilichomo ndani yake.

Wengi huamini kwamba mbwa anayekula nyasi ni mgonjwa. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha California huko Davis, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha vingine. Walio wengi kati ya mbwa waliochunguzwa walikula mimea mara kwa mara, na chini ya mmoja katika kila 10 alionekana kuumwa kabla ya kufanya hivyo. Kula majani, basi, ni tabia ya kawaida ya mbwa mwenye afya.

Faida zilizopo

Majani ya mchicha, kunde na maboga yana karotini, ambayo mwili wa mbwa huigeuza kuwa vitamini A; paka hawana uwezo huo. Yana pia vitamini K na madini kadhaa, na nyuzinyuzi zake husaidia choo kutoka vizuri. Mbwa hutengeneza vitamini C mwenyewe katika ini lake, kwa hiyo hategemei mboga kuipata.

Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walichapisha uchunguzi kuhusu mbwa wa aina ya Scottish Terrier, ambao wako katika hatari kubwa ya saratani ya kibofu cha mkojo. Waliokula mboga angalau mara 3 kwa wiki walipatwa na saratani hiyo kwa nadra kuliko wenzao, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa waliokula mboga za majani. Uchunguzi huo ulihusu aina moja tu ya mbwa, na haukuthibitisha kwamba mboga ndizo zilizowakinga.

Miche michanga ya brokoli nayo imevuta macho ya wanasayansi tangu mwaka 1997, pale watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walipoonyesha kwamba miche ya siku 3 ina kiini cha sulforafani mara 10 hadi 100 kuliko brokoli iliyokomaa. Sulforafani huchunguzwa kwa uwezo wake wa kulinda chembe za mwili. Bado si dawa iliyothibitishwa kwa mbwa.

Majani hayaondoi njaa ya protini

Tatizo kubwa la mbwa anayeishi kwa ugali ni upungufu wa protini, mafuta na kalisi. Viwango vinavyotumiwa Marekani vinataka chakula cha mbwa mzima kiwe na protini isiyopungua asilimia 18, maji yakiwa yameondolewa. Unga wa mahindi una nusu ya kiasi hicho, au chini kidogo. Majani mabichi ya mchicha ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Gramu 100 zake zina takriban gramu 2.5 tu za protini.

Kwa hiyo anayeongeza mchicha kwenye ugali na kuacha hapo amebadilisha rangi ya chakula, wala hajaongeza nguvu yake. Kiganja cha dagaa wasio na chumvi, yai lililochemshwa au utumbo wa kuku uliopikwa humfaa mbwa zaidi kuliko fungu zima la majani. Dagaa wana faida ya ziada, kwani huliwa pamoja na mifupa yao na hivyo huleta kalisi. Kwa watoto wa mbwa upungufu huo ni hatari, kwa kuwa mifupa yao huweza kupinda au kuvunjika kirahisi.

Unga wenyewe pia hauna budi kuangaliwa. Mahindi yaliyoota ukungu hubeba sumukuvu aina ya aflatoksini, ambayo huharibu ini, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi. Mwaka 2011 mbwa walikufa katika jimbo la Gauteng, Afrika Kusini, baada ya kula chakula kilichokuwa na sumu hiyo. Nchini Kenya, mwaka 2004, sumu hiyohiyo iliua watu 125. Mahindi yasiyofaa kwa watu hayamfai mbwa.

Hatari ya vitunguu

Hatari iliyo karibu zaidi imo ndani ya sufuria. Mboga za nyumbani, ziwe za Durban, Zanzibar au Kampala, kwa kawaida huungwa kwa vitunguu maji, na pengine vitunguu saumu. Vyote viwili huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na kupikwa hakuondoi sumu yake. Gramu 15 hadi 30 za kitunguu kwa kila kilo ya uzito wa mbwa zinatosha kuleta madhara. Kwa mbwa wa kilo 10, gramu 150 ni sawa na kitunguu kimoja cha wastani. Dalili, kama vile uchovu, ufizi uliopauka na mkojo mwekundu au wa kahawia, zinaweza kuchelewa kwa siku kadhaa.

Kwa sababu hiyo mboga za mbwa hutengwa kabla ya kuungwa, bila chumvi, pilipili wala viungo.

Si kila chipukizi ni salama

Uchanga wa mmea hauna maana kwamba hauna sumu. Baadhi ya mimea huwa na sumu kali zaidi ingali midogo. Wafugaji wa Afrika Mashariki wanajua kwamba mtama mchanga huweza kuua ng'ombe kwa sayanidi. Kisamvu kibichi kina hatari ya aina hiyohiyo, ndiyo maana hutwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu. Machipukizi ya viazi mviringo na majani ya nyanya nayo hayafai.

Kwa wanaochuma porini, mmea wa kuogopwa ni Datura, wenye maua ya umbo la tarumbeta na matunda yenye miiba. Unapokuwa mchanga, na bado hauna maua wala matunda hayo, mtu asiyeufahamu anaweza kuuchuma pamoja na mboga nyingine. Jani lisilotambuliwa kwa hakika lisichumwe.

Mbegu zilizooteshwa ndani ya maji, kama choroko au uwatu, zina tatizo jingine. Joto na unyevu vinavyoziotesha hukuza bakteria pia. Mwaka 2011 chipukizi za uwatu zilihusishwa na mlipuko wa bakteria aina ya E. coli nchini Ujerumani, ambapo watu zaidi ya 50 walifariki dunia. Katika hali ya hewa ya Durban, yenye joto na unyevu, ni salama zaidi kuzichemsha kabla ya kumpa mbwa.

Namna ya kutayarisha

Majani huoshwa, hukatwa vipande vidogo sana na kuchemshwa kwa dakika chache. Maji ya mchicha na spinachi humwagwa, kwa kuwa hubeba sehemu ya oksaleti, asidi inayochangia mawe katika njia ya mkojo. Mbwa aliyewahi kuugua figo au mawe asipewe mboga hizo bila ushauri wa daktari wa mifugo.

Mbwa wa kilo 10 anaweza kuanza na kijiko kimoja cha chakula, kikichanganywa na mlo wake wa kawaida. Akipata gesi au kuharisha, kiasi hupunguzwa au huachwa. Vyakula vyote vya nyongeza, majani yakiwemo, visizidi sehemu moja ya kumi ya nishati anayoipata kwa siku.

Akitapika mfululizo, akitetemeka, akishindwa kusimama au ufizi wake ukipauka baada ya kula, apelekwe kwa daktari wa mifugo mara moja, pamoja na sampuli ya alichokula. Kulitambua jani lenyewe humsaidia daktari kujua tiba ya kuanza nayo.