Nani Alipanga Hiyo ya Kwanza?

Wasee, leo si mambo ya kamera wala taa. Ni kuhusu kile kisanduku kidogo ndani ya programu za kuhariri. Unaandika herufi tatu, orodha ya amri inashuka, unabonyeza Enter bila hata kusoma. Nilikuwa nakiamini sana. Halafu 2021 kikanifunza adabu.

Ilikuwa saiba ya hapa Makongeni, yetu ya Jogoo Road, si ile ya Thika. Jirani yetu alikuwa amefiwa na mamake, na basi la kwenda mazishi lilikuwa litoke saa tatu usiku. Nikapewa kazi ya kava ya kijitabu cha mazishi, kwa sababu mtaani ukishaonekana na kompyuta mara mbili wewe ni fundi. Picha ya shosho ilikuwa moja tu, ya studio ya zamani, mtu akaipiga tena kwa simu. Nikaiweka kwenye leya yake juu ya kava. Ilikuwa kubwa sana, inafunika jina. Nikafungua kisanduku cha kutafuta, nikaandika "scale", Enter. Nikaweka namba ya upana, Enter tena.

Picha ikabaki kubwa vilevile, jina bado limefunikwa. Nikadhani haijashika. Nikarudia, safari hii nikachagua ya pili kwenye orodha, na picha ikatulia mahali pake. Nikasevu, nikafunga, nikatuma iprintiwe nakala 60.

Shosho akatoka na uso wa vigae. Unaona tu miraba miraba, kama mtu aliyefichwa sura kwenye taarifa ya saa moja. Kumbe ile amri ya kwanza ilishika, na ilishika vizuri tu. Ilikuwa ya kupunguza picha nzima, kava yote, si leya moja. Saa mbili na nusu, karatasi imeisha, na mwenye saiba anafunga. Jirani akazichukua hivyo hivyo. Hakusema kitu, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Kile kijitabu bado kiko kwao kwa kabati.

Nilijilaumu kwa haraka yangu, na bado najilaumu. Lakini swali lilibaki: kwa nini hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza? Jibu nililipata kwa kijana anayekaa pale saiba. Mashine ile, kutwa kucha, ilikuwa inatumika kupunguza picha za pasipoti za watu wanaojaza fomu za kazi mtandaoni, maana fomu hazikubali faili nzito. Programu ikajifunza. Ukiandika "scale", inakuletea ile wanayoitumia wote. Mimi nilikuwa natafuta kwa kumbukumbu ya watu wengine.

Nikaanza kufuatilia haya mambo yalitoka wapi, na kusema ukweli ni historia tamu kuliko nilivyotarajia.

Mwanzoni hakukuwa na haja ya kutafuta. MacPaint ya Bill Atkinson, iliyotoka na Macintosh mwaka 1984, ilikuwa na menyu sita pekee juu ya kioo, na moja iliitwa Goodies. Sita! Unazipitia zote ukisubiri chai ichemke. Tatizo lilikuja programu zilipoanza kunenepa. Photoshop ilitoka 1990, GIMP 1996, na kila toleo liliongeza vitu, na vitu vikaingia ndani ya vitu. Mtu hakujua tena kitu kiko wapi. Alijua njia tu: fungua hii, shuka, ingia kulia, ya nne kutoka chini. Ni kama kumwelekeza mgeni kwenu. Humwambii namba ya nyumba, unamwambia apite kibanda cha mayai boilo, akate kona, aulize. Mkono unakariri njia. Na njia ikihamishwa, mkono unapotea.

Microsoft waligundua hilo kwa uchungu. Kwenye Office 2000 walileta menyu zinazojipanga zenyewe: usichokitumia kinafichwa, unachokitumia kinabaki juu. Kwa karatasi ni wazo safi. Kwa vitendo, watu walifungua menyu na kukuta kitu cha jana hakipo, wakadhani kimefutwa. Kufika Office 2007 menyu zile zilikuwa zimeondolewa kwenye programu zao kubwa kama Word na Excel, ikaja ile mistari ya vitufe mnayoijua. Kumbuka hiyo, maana kosa hilohilo lilirudi likiwa limevaa suti mpya.

Mwaka huohuo wa 2007 Apple walifanya kitu ambacho kwangu mimi bado ndicho cha busara kuliko vyote. Kwenye Mac OS X Leopard waliweka kisanduku cha kutafuta ndani ya menyu ya Help. Unaandika jina la amri, orodha inakuja, na ukipitisha kipanya juu ya jibu, menyu yenyewe inafunguka na mshale wa bluu unacheza ukikuonyesha kitu kinakaa wapi. Elewa tofauti hapo. Haikuambii tu "hii hapa". Inakupeleka mpaka mlangoni. Kama kuna majibu mawili yanayofanana jina, unaona moja liko menyu hii na lingine ile, na unajua wewe unataka lipi. Mpangilio wa orodha hauwi na nguvu ya kukuangusha, kwa sababu una ushahidi mwingine.

Halafu 2012 ikaja ya Ubuntu. Mark Shuttleworth, Msauzi mwanzilishi wa Canonical, alitangaza kitu kinaitwa HUD, kikatoka na Ubuntu 12.04. Unagusa Alt, unaandika unachotaka, menyu za programu yoyote zinatafutwa. Na iliweka kumbukumbu: unachokitumia sana kinapanda juu. Watu wengine walisema menyu zimekufa, tuzike. Hazikufa. Canonical waliachana na Unity, nyumba ya hiyo HUD, mwaka 2017. Lakini wazo la "tukupangie kwa ulichozoea" lilishatoka nje na likazunguka.

Photoshop walipata kisanduku chao mwishoni mwa 2016, kwenye toleo la CC 2017, na walikiweka kwenye Ctrl+F, ambayo kwa miaka ilikuwa ya kurudia filta ya mwisho. Wazee wa kazi walibonyeza kwa mazoea wakashangaa. Na ndani ya kisanduku hichohicho, pamoja na amri za programu, kulikuwa na masomo na pia picha za kununua za Adobe Stock. Unatafuta nyundo, unaonyeshwa na duka la nyundo. Sisemi ni dhambi, wanafanya biashara. Nasema tu mpangilio wa majibu si kitu cha kiufundi pekee. Mtu aliketi akaamua nini kikae karibu na nini.

GIMP, ambayo ndiyo wengi wetu wa mfuko mtupu tulianzia, iliweka kutafuta kwa amri kwenye toleo la 2.10 la mwaka 2018. Unabonyeza mkwaju, yaani kile kistari cha kulala upande, na unaandika. Hapa kuna mazuri mawili ambayo lazima niyaseme. Moja, inasoma pia maelezo mafupi ya amri, si jina pekee, kwa hiyo hata usipojua jina kamili unaweza kuotea. Mbili, inakuwekea mbele zile ulizozitumia zaidi. Kwenye laptopu yako, iliyoko chumbani kwako, hii ni raha. Baada ya wiki mbili inakujua kama mama mboga anavyojua hutaki dania.

Lakini hebu rudi kwa neno "yako". Hawa wote walipofikiria "mtumiaji", walimwona mtu mmoja na mashine moja. Eastlands si hivyo. Mashine moja ya saiba inaguswa na watu wangapi kwa siku, wote kwa jina moja la kuingilia? Laptopu moja nyumbani ni ya dada wa chuo, ya kaka wa mixing, na ya mtoto wa Grade 6 anayechorachora. Kumbukumbu inayotengenezwa pale si ya mtu yeyote. Ni wastani wa umati. Na anayefanya kitu tofauti na umati, kama mimi na kava ya shosho, ndiye anaangukiwa.

Blender ni mfano mwingine ninaoupenda kwa sababu walikosea hadharani wakarekebisha hadharani. Kabla ya 2020, utafutaji wake ulikupa majina ya amri bila njia ya menyu, na majina mengine yanafanana, sasa ubashiri. Toleo la 2.90, Agosti 2020, likaanza kutafuta ndani ya menyu zenyewe, kwa hiyo jibu linakuja na njia yake. Miezi mitatu baadaye, 2.91 ikaleta kutafuta kunakovumilia makosa ya herufi. Kwa mtu anayeandika Kiingereza jinsi anavyokisikia, hiyo si anasa. Ukiandika jina vibaya na programu ikakuambia hakuna kitu, unaamini hakuna kitu. Nina rafiki aliyechora kwa miezi akidhani programu yake haina kifaa fulani. Kilikuwepo, alikosa herufi moja tu.

Na hapo ndipo lugha inaingia. Kabla hujabishana kuhusu kipi kiwe cha kwanza, lazima neno lako liwe limeingia kwenye mashindano. Ukiandika "ukungu" kwenye programu ya Kiingereza, hakuna mpangilio utakaokuokoa. Watu waliwahi kupigana na hili mapema. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Nikifikiria kazi ile naheshimu sana, maana kila kitufe kilihitaji mtu aamue neno. Sasa sisi wenyewe hatujakubaliana: kompyuta, tarakilishi, ama ngamizi? Kipanya ama puku? Kwenye menyu ya kawaida hiyo haina shida kubwa, utaona neno geni, utakisia, utabonyeza. Kwenye kutafuta ni ukuta. Aliyetafsiri akichagua "puku" na wewe ukaandika "kipanya", humpati. Dawa si kuchagua mshindi. Dawa ni kila amri ibebe majina kadhaa kwa nyuma, hata ya Sheng, na yote yafike mlango mmoja. Hiyo kazi hata sisi tunaweza kuifanya, hasa kwenye programu huria ambazo zinapokea watafsiri.

Kuna mtu ataniambia, "Budaa, si usome tu orodha kabla ya kubonyeza?" Sawa. Lakini kisanduku hiki kiliundwa ili usisome. Hiyo ndiyo biashara yake yote: kasi. Huwezi kuniuzia haraka halafu unilaumu kwa kukimbia. Mimi ningetaka vitu viwili tu. Kila jibu lionyeshe linakaa wapi, leya ama picha nzima, kwa maandishi yanayoonekana. Na mpangilio usibadilike chinichini. Kama unahamisha cha kwanza kwa sababu ya mazoea, nionyeshe kwamba ni mazoea, nijue ni ya nani.

Wiki iliyopita nilipita ile saiba ku-scan makaratasi. Kijana alikuwa ametoka kidogo, mashine iko wazi. Nikaingia kwenye mipangilio, nikafuta kumbukumbu ya amri zote, nikatoka nikijiona mkombozi.

Jana akanisimamisha kwa geti.

"Wewe ndio ulinipotezea ile ya pasipoti? Nimekaa na foleni ya watu saba hapo, naandika jina inaniletea mambo mengine."

Nikamwambia asome orodha kabla ya kubonyeza.