Stempu za Haraka

Mwezi wa Machi 1895, pale Mengo, makao makuu ya Kabaka Mwanga, hapakuwa na kiwanda cha kuchapa stempu wala fundi aliyewahi kuichapa hata moja. Palikuwa na taipureta. Mwenyewe alikuwa Ernest Millar, mmisionari wa Church Missionary Society, na aliyemwendea kumwomba msaada alikuwa George Wilson, ofisa wa Uingereza aliyekuwa akiandaa huduma ya barua katika himaya mpya ya Uganda. Millar akapachika karatasi nyembamba kwenye mashine, akagonga herufi U na G, akagonga tarakimu ya bei, kisha akazizungushia vistari vya kuigiza fremu. Akasogeza, akarudia. Karatasi ilipojaa, posta ilikuwa imepata stempu.

Bei yake haikuwa kwa senti wala kwa anna. Ilikuwa kwa kauri, maana ndizo zilizokuwa zikinunua ndizi na chumvi sokoni, na kauri 200 zilihesabiwa sawa na rupia moja. Stempu za mwanzo zilianzia kauri 5 hadi 60. Hazikuwa na gundi mgongoni wala vitobo vya kuchania pembeni. Mwezi wa Mei Millar alikwishatambua kwamba stempu pana zinakula karatasi na muda, akazibana ziwe nyembamba ili nyingi zaidi zienee kwenye karatasi moja. Baadaye mwaka huohuo zikaanza kutoka zenye wino wa zambarau, kwa kuwa utepe wa taipureta ulikuwa mwingine. Pale bei iliyogongwa isipofaa, ilikatwa kwa kalamu na nyingine kuandikwa juu yake, kama mwalimu anavyosahihisha daftari. Mambo yakaendelea hivyo hadi Novemba 1896, mmisionari mwingine, Frank Rowling, alipoanza kuchapa stempu kwenye mtambo wa misheni huko Busoga. Hizo zilihesabiwa kwa anna, na kauri zikatoka kwenye barua kabla hazijatoka sokoni.

Vipande hivyo vya karatasi, ambavyo karani yeyote wa leo angevitupa akidhani ni rasimu iliyoharibika, ni miongoni mwa stempu zinazotafutwa sana Afrika nzima. Bahasha iliyosafiri ikiwa na stempu ya kauri hugombewa mnadani na watu ambao hawajawahi kuiona Kampala.

Mchezo wa kukusanya stempu una umri karibu sawa na stempu yenyewe. Uingereza ilitoa ya kwanza duniani, ile nyeusi ya peni moja yenye kichwa cha Malkia Victoria, Mei 1840. Kufikia 1856 kijana aitwaye Stanley Gibbons alikuwa ameanza kuuza stempu kwenye duka la baba yake huko Plymouth, na jina lake bado limo kwenye jalada la katalogi wanazoapia wakusanyaji. Uraibu huo ukapanda hadi ikulu. Mwaka 1904 mwana wa mfalme wa Uingereza alilipa pauni 1,450 kununua stempu moja ya Mauritius ya mwaka 1847. Miaka sita baadaye akawa Mfalme George V, na sura yake ikaanza kubandikwa kwenye barua kuanzia Kisumu hadi Mikindani.

Makoloni yalipogawanywa, wakusanyaji walikuwa wamekwishakaa macho. Kila bendera mpya ilimaanisha stempu mpya, na Afrika Mashariki ya miaka ya 1890 ilikuwa ikibadilisha bendera haraka kuliko mitambo ya uchapaji ya London ilivyoweza kufuata. Upungufu huo ndio uliozaa hazina. Serikali iliyojipanga hutoa stempu nzuri, nyingi na za bei ya chini. Serikali iliyobanwa humwachia karani muhuri na kalamu.

Mombasa ni ushahidi wa kutosha. Kampuni ya Imperial British East Africa ilipofungua posta yake Mei 1890, ilianza na stempu za Uingereza zilizopigwa chapa ya jina la kampuni juu yake. Baadaye mwaka huo zikaja stempu zake yenyewe, zenye jua na taji. Lakini mwaka 1891 stempu za bei fulani zikawa zinaisha huku meli ya shehena mpya haionekani. Ikabidi stempu za bei nyingine zigongwe muhuri wa bei mpya, au ziandikwe kwa mkono, na ili kuzuia ujanja, ofisa alitia herufi za jina lake kwa wino. A.D. ni Andrew Dick, mhasibu mkuu. A.B. ni Archibald Brown, mtunza fedha.  Kwa wakusanyaji, majina yao yamebaki kwa sababu siku moja waliishiwa na stempu.

Unguja ilikuwa na vurugu za aina yake. Mji huo mmoja, katika muda usiozidi miaka ishirini, uliwahi kuwa na posta ya Wahindi, ya Wafaransa na, kwa takribani mwaka mmoja, ya Wajerumani, kila moja na stempu zake. Ya Wahindi, iliyofunguliwa upya Oktoba 1875, ilidumu hadi Novemba 1895 ilipokabidhiwa serikali ya Zanzibar. Stempu za Malkia Victoria za India zikapelekwa kwenye kiwanda cha gazeti la Zanzibar Gazette zikapigwe neno “Zanzibar” juu yake. Wapanga herufi walikuwa wanapanga chuma kimoja baada ya kingine kwa mkono, na kazi ilikuwa ya haraka. Ndipo zikatoka stempu za “Zanzidar”, “Zanibar” na “Zapzibar”. Mtu mwenye “Zanzibar” iliyoandikwa sawasawa ana stempu. Mwenye “Zanzidar” ana mali.

Stempu rasmi za sultani zilikuwa zimekwishaagizwa Uingereza, zenye picha ya Seyyid Hamad bin Thuwaini na bendera nyekundu pembeni. Zilipoanza kuuzwa, mwishoni mwa 1896, Seyyid Hamad alikuwa kaburini. Alifariki tarehe 25 Agosti mwaka huo. Mwanamfalme Khalid bin Barghash akaingia kasri bila idhini ya Waingereza, na asubuhi ya tarehe 27 manowari zao zikalipiga kasri kwa chini ya saa moja. Aliyekalishwa kitini ni Seyyid Hamoud bin Mohammed, lakini kwa karibu miaka mitatu barua za Unguja na Pemba ziliendelea kubeba uso wa mtangulizi wake. Hasara ya kutupa shehena nzima ilikuwa kubwa kuliko aibu ya kuitumia.

Vita Kuu ya Kwanza ilizidisha haraka hiyo. Waingereza walikiteka kisiwa cha Mafia Januari 1915, wakati manowari ya Kijerumani Königsberg ikiwa imejificha kwenye mikono ya Rufiji, ng’ambo ya mlango wa bahari. Wakazikuta stempu za Kijerumani, wakazigonga muhuri wa “G.R. MAFIA”, herufi mbili za mwanzo zikiwa za Mfalme George. Idadi ilikuwa ndogo, muhuri ulikuwa rahisi kuigiza, na walanguzi walilijua hilo mapema. Leo mkusanyaji mwenye busara akiona stempu ya Mafia bila cheti cha mtaalamu hufunga pochi yake.

Upande wa Wajerumani, njia ya bahari ilikuwa imezibwa na stempu zilikuwa zikipungua. Kazi ya kuchapa nyingine wakapewa mafundi wa mtambo wa misheni ya Kilutheri huko Vuga, milimani Usambara, mtambo ambao baadaye ulikuja kuchapa vitabu vingi vya Kiswahili. Mwaka 1916 Vuga ilitoa stempu za heller 2½, heller 7½ na rupia moja, za sura ya kawaida kabisa. Kisha meli ya Marie ikapenya kizuizi cha Waingereza, ikatia nanga Sudi, kusini ya Lindi, mwezi wa Machi, ikiwa imebeba risasi, dawa na pia stempu. Zile za Vuga hazikuhitajika tena. Zilifukiwa ardhini zisiangukie mikononi mwa adui, zikafukuliwa baada ya vita na kuuzwa kwa wakusanyaji huko Ujerumani. Hazikuwahi kupeleka barua hata mtaa wa pili, lakini zilisafiri mbali kuliko barua nyingi.

Utawala ulipotulia, stempu nazo zikatulia. Tanganyika ilipata kichwa cha twiga mwaka 1922. Kenya na Uganda zilitoa stempu ya pauni 100 mwaka 1925, yenye rangi nyekundu na nyeusi na sura ya mfalme yuleyule mpenda stempu. Hakuna mtu aliyeandika barua ya uzito huo. Ilitumika zaidi kulipia ushuru wa nyaraka za serikali. Kuanzia 1935 nchi tatu zikawa na stempu za pamoja, zenye Kilimanjaro, simba, korongo wenye taji na jahazi likisafiri Ziwa Viktoria. Hata hapo wenye macho makali walipata cha kutafuta. Kwenye baadhi ya stempu za senti 50 za mwaka 1938, mchoraji hakuifikisha kamba kwenye tanga. Nahodha yeyote wa Lamu angeuliza chombo kile kinakwendaje, na mkusanyaji wa Leeds naye aliuliza, ila yeye kwa kioo cha kukuzia.

Wenyeji nao waliingia kwenye mchezo huu, wengi kwa njia ya shule. Kwa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki barua haziletwi mlangoni. Huwekwa kwenye sanduku la posta, na sanduku ni la mwajiri, la duka, la parokia au la shule. Kwa hiyo mwanafunzi aliyetaka stempu ilimbidi awe na uhusiano mzuri na anayefungua bahasha: karani, mwenye duka, padri, mwalimu mkuu. Magazeti yalikuwa na kurasa za marafiki wa kalamu, na vijana wa Tabora au Machakos waliandikiana na wenzao wa Ujerumani, India na Japani, kila barua ikiwa na stempu ya ziada ndani ya kubadilishana.

Ufundi wenyewe ulikuwa wa jikoni. Kipande cha bahasha kililowekwa kwenye bakuli la maji ya vuguvugu mpaka stempu iachie yenyewe, kisha ikalazwa kifudifudi kwenye gazeti, na ikikauka ikabanwa katikati ya kitabu kizito. Aliyeivuta kwa pupa aliichana. Aliyetumia maji ya moto aliyeyusha rangi. Pwani kulikuwa na adui mwingine, unyevu, ambao huamsha gundi ya stempu mpya na kuzigandisha kurasa mbili za albamu mpaka zisitengane bila kuumizana. Ndiyo maana watu wengi wa Tanga na Mombasa waliridhika na stempu zilizokwisha kutumika. Kwa macho ya mwanahistoria waliridhika na kilicho bora, maana muhuri wa posta huonyesha mji na tarehe.

Januari 1964 haraka ilirudi. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963 chini ya Seyyid Jamshid bin Abdulla, na stempu nne za “Uhuru 1963” zikatolewa. Tarehe 12 Januari mapinduzi yakauondoa usultani. Posta ilibaki na shehena ya stempu zenye sura za masultani: hizo za Jamshid, na nyingine kumi na sita za baba yake, Seyyid Abdulla bin Khalifa, aliyefariki Julai 1963. Kwa mara ya pili Unguja ilijikuta ikitumia picha ya marehemu, ila safari hii haikutosha kunyamaza. Mihuri ya mkono ikatengenezwa, na makarani wakaanza kugonga “JAMHURI 1964” juu ya nyuso hizo, moja baada ya moja. Nyingine zilikaa upande, nyingine juu chini, nyingine zikagongwa mara mbili. Baadaye kidogo zikaja zilizopigwa chapa mtamboni, mistari imenyooka, na wakusanyaji hawazitamani kama zile za mkono. Zanzibar iliendelea na stempu zake ndani ya Tanzania hadi mwisho wa 1967.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, posta ya pamoja ilikwenda nayo, na kila nchi ikabaki na stempu zake. Tangu miaka ya 1980 likaingia jambo ambalo Millar asingelielewa: stempu zisizokusudiwa barua. Mawakala wa nje walichora na kuchapa kwa niaba ya nchi nyingi maskini, wakauza moja kwa moja kwa wakusanyaji wa Ulaya na Marekani. Tanzania na Uganda zilikuwamo. Wahusika wa katuni za Disney wakawa na stempu za Tanzania ambazo watoto wa Singida hawakuwahi kuziona posta. Uchapaji ni safi, rangi zimekolea, vitobo vimekaa sawa, na thamani yake mnadani ni ndogo mno, kwani zilizopo ni nyingi na hakuna kosa la kutafuta.

Wanaokusanya Afrika Mashariki kwa dhati sasa wamegeukia upande mwingine. Wanataka bahasha za kawaida za miaka ya 1990 na 2000: barua ya mtu kwa mtu, yenye stempu iliyogongwa muhuri wa posta ndogo, Mahenge, Kibondo au Kilwa Masoko. Ni ngumu kuzipata kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa simu ya mkononi ilifika kabla hazijarundikana, na barua za benki na mashirika hupigwa chapa ya mashine pale stempu ilipokuwa ikikaa.