Disiki imekopiwa, lakini mashine haiwaki

Disiki mpya iko na mafaili yote ya ile ya zamani, lakini Linux haiwaki. Mara nyingi si kopi iliyoharibika. BIOS ya zamani ilisoma mwanzo kabisa wa disiki. UEFI inatafuta programu ya kuwasha ndani ya kipande kidogo cha FAT32, kinachoitwa ESP, na anwani ya programu hiyo imeandikwa kwenye kadi mama, si kwenye disiki. Ukipeleka disiki kwenye mashine ingine, anwani inabaki kule.

Basi washa Linux ya kwenye fulashi. Funga kipande cha mfumo kwenye /mnt na ESP kwenye /mnt/boot/efi, unganisha /dev, /proc na /sys, kisha uingie kwa chroot na uandike:

grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi --removable

Neno la mwisho ndilo lenye kazi kubwa: linaweka programu ndani ya EFI/BOOT/BOOTX64.EFI, mahali UEFI inaangalia hata kama haina anwani. Kwenye Debian na Ubuntu, malizia na update-grub. Mfumo uliozoea BIOS pengine hauna ESP. Hiyo itengenezwe kwanza.

Kama mafaili yalihamishiwa kipande kipya, UUID imebadilika: rekebisha /etc/fstab. Kama ulitumia dd, UUID zinafanana, kwa hiyo usiache disiki zote mbili ndani ya mashine moja.

Redio au shule yenye kompyuta moja tu isifute disiki ya zamani mbele ya kuona mpya inawaka peke yake.