Mpanda, mji uliokuzwa na watu wa kambi

Sensa ya mwaka 2012 iliukuta Mkoa wa Katavi ukiwa na watu 564,604. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu watu 1,152,958. Hakuna mkoa mwingine Tanzania ulioongezeka kwa kasi hiyo, wastani wa asilimia 7.1 kwa mwaka. Uzazi peke yake haufikishi huko. Watu wamehamia, na sehemu kubwa yao wamefuata kazi: shamba, malisho, dhahabu, barabara. Wengi wa waliofika hivyo hawakukuta nyumba inayowasubiri. Walianzia kwenye kibanda cha nyasi, chini ya turubai, kwenye kontena la mkandarasi au kitanda cha nyuma ya kiti cha dereva wa lori.

Huko Marekani wapo wafanyakazi wanaozunguka kutoka mradi mmoja hadi mwingine wakiishi mwaka mzima ndani ya gari lenye kitanda, jiko na choo. Kazi ikiisha, wanawasha injini. Katavi magari ya namna hiyo si ya kawaida, ila maisha ya kuhama na makazi yako kila kazi inapohama yamekuwepo hapa kwa zaidi ya miaka 150, na ndiyo yaliyozaa miji na vijiji tunavyoviona leo.

Tuanze na misafara. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alikuwa Tabora akitaka kwenda Ujiji kumtafuta David Livingstone, lakini njia ya moja kwa moja ilikuwa imefungwa na vita vya Mirambo, mtawala wa Wanyamwezi. Akazunguka kusini kupitia Ukonongo, nchi ya Wakonongo, kwenye pori la miombo linaloingia Katavi ya leo. Mapema mwaka 1872 Stanley na Livingstone walirudi Tabora kupitia upande huohuo, na Agosti mwaka ule Livingstone akashuka tena kusini katika safari ambayo hakurudi akiwa hai. Vitabu vimewataja Wazungu hao mara nyingi. Waliobeba mahema yao, vyombo vyao na chakula chao ni wapagazi, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma, watu waliofanya upagazi kuwa kazi hasa, wakiondoka makwao baada ya mavuno na kujitahidi kurudi kabla ya mvua za kilimo.

Mpagazi alibeba frasila mbili hivi za mali ya tajiri, yaani kilo 30 na kitu, na juu yake mkeka wake, chungu na posho. Msafara uliondoka alfajiri, na kwa kawaida jua la adhuhuri liliwakuta wameshatua. Hapo kila kikundi kilijua la kufanya: hawa wanakata miiba ya kuzungushia boma, hawa wanafuata maji, wengine wanasimamisha matawi na kuyaezeka nyasi. Muda mfupi baadaye kijiji kilikuwa kimesimama porini. Asubuhi kiliachwa kama kilivyo, na msafara uliofuata uliingia vibanda hivyohivyo, ukatengeneza palipobomoka na kulala. Hatari kubwa ilikuwa moto, kwa sababu cheche moja kwenye nyasi kavu ilitosha kuteketeza kambi nzima na mali yote. Mimi naona vituo hivi vinastahili kuhesabiwa kuwa makazi ya kwanza ya wafanyakazi katika mkoa huu, ingawa hakuna mtu aliyeviita nyumbani kwake.

Wazungu walichoka mapema na gharama za wapagazi wakatafuta njia ya kuwakwepa. Mwaka 1879 Wabelgiji wa Mfalme Leopold II walianzisha kituo Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, chini ya Ernest Cambier. Mwaka huohuo wakaleta tembo wanne kutoka India, wakawashusha pwani karibu na Dar es Salaam, ili wajaribu kama mnyama anaweza kufanya kazi ya mpagazi. Mpango ulikufa haraka. Tembo walikufa mmoja baada ya mwingine, na Kapteni Frederick Carter aliyeuongoza msafara wao aliuawa Mpimbwe mwaka 1880 katika mapigano na watu wa Mirambo. Mpimbwe leo ni halmashauri ndani ya Katavi. Mpagazi akabaki na kazi yake.

Karema yenyewe ilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki, mwaka 1885. Miaka minne baadaye akafika tabibu na katekista Adrian Atiman, aliyezaliwa Afrika Magharibi, akatekwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na kusomeshwa udaktari Malta. Alitumwa kazini mahali asipomjua mtu. Aliwatibu watu wa ukanda huo mpaka alipofariki mwaka 1956. Katika orodha ya watu waliokuja Katavi kwa kazi, ningemweka juu kabisa.

Katika miaka hiyo ya Atiman pori likazidi kuwa tupu. Mbung'o, ambao wengi huku huwaita ndorobo, walisambaza malale, na katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza iliwahamisha wakazi waliotawanyika na kuwakusanya kwenye makazi maalumu ili kupambana na ugonjwa huo. Inyonga ni moja ya sehemu zilizokuzwa hivyo. Ng'ombe hawakuweza kuishi sehemu kubwa ya nchi. Kwa hiyo madini ya risasi yalipogunduliwa Mpanda, makao makuu ya mkoa ya leo, katika miaka ya 1930, yalikuwa mahali penye watu wachache mno wa kuyachimba na pasipo njia ya kuyatoa.

Jibu lilikuwa reli. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, ikipita Kaliua. Mwishoni mwa miaka ya 1940 likajengwa tawi kutoka Kaliua kwenda Mpanda, kilomita 210 za pori, kwa ajili hasa ya mgodi wa kampuni ya Uruwira Minerals. Ujenzi wa reli una namna yake ya kuishi: reli inaposogea, kambi inasogea. Kilomita ya jana inakuwa mbali na kazi, mahema yanang'olewa, masufuria yanapakiwa, watu wanalala mbele zaidi. Na hata baada ya treni kuanza kupita, magenge ya kutunza njia yaliendelea kuishi kando ya reli, mbali na mji wowote, yakikaza boliti na kufyeka majani.

Mgodini maisha yalikuwa ya kampuni. Katika Tanganyika ya wakati huo kibarua alipewa kipande, kadi iliyowekwa alama kwa kila siku aliyofanya kazi, na mshahara wa mwezi ulitoka zikitimia siku 30 za kazi, siyo siku 30 za kalenda. Aliyeugua wiki nzima alisubiri wiki nzima zaidi. Posho ilikuwa unga, maharage na chumvi. Chumba kilikuwa cha mwajiri: ukiacha kazi unakabidhi ufunguo, na mkeo na watoto, kama walikufuata, wanatoka nawe. Yeyote aliyewahi kuishi nyumba ya kazi anaelewa uzito wa jambo hilo. Mtu anapanda miembe akijua huenda asiile.

Katika miaka ya 1950 risasi ya Mpanda ilikuwa miongoni mwa madini yaliyoiingizia Tanganyika mapato, pamoja na shaba, fedha na dhahabu kidogo vilivyotoka kwenye mawe hayohayo. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Mji wa namna hiyo huwa unakufa na mgodi wake, na mifano ipo duniani kote. Mpanda haukufa, na sababu ya kwanza, kwa maoni yangu, ni ile reli. Iliachwa mahali pake, ikaendelea kuleta watu na kutoa mazao: tumbaku, mahindi, asali. Walioishi kwenye vyumba vya kampuni wakajenga vyao.

Treni na barabara zikaleta pia watu ambao hawakuchagua kuhama. Wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 walifunguliwa makazi ya Katumba mwaka uliofuata na Mishamo mwaka 1978. Walianzia kwenye mahema wakigawiwa jembe na shoka, wakafyeka pori la ndorobo na kuligeuza kuwa ghala la chakula. Mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wa kundi hilo, wakiwemo wenzao wa Ulyankulu mkoani Tabora, walipewa uraia wa Tanzania.

Uhamaji uliobadilisha sura ya mkoa kuliko mwingine wowote ni wa Wasukuma. Ulianza kushika kasi miaka ya 1970, malisho yalipobana Shinyanga na Mwanza, ukashuka kupitia Tabora mpaka Bonde la Rukwa. Vijana walitangulia na ng'ombe kwa miguu. Familia ilifuata na mkokoteni unaokokotwa na maksai: plau imefungwa ubavuni, magunia ya mbegu chini, juu yake magodoro, sufuria, kuku kwenye tenga, na bibi ameketi na wajukuu. Usiku mkokoteni ulisimamishwa, turubai likatandazwa kutoka ubavuni mpaka ardhini, na hapo pakawa nyumba. Mvua ikinyesha wanalala chini ya mkokoteni. Pakipatikana maji na udongo mweusi wanakaa msimu mmoja, miwili, halafu wengine wanaendelea kusini tena. Hicho ndicho kitu kilicho karibu zaidi na nyumba ya magurudumu ambacho Katavi imekijua. Uhamaji huo umelisha miji. Umekata miti mingi pia na kuleta ugomvi wa mipaka na wenyeji na hifadhi, na kuna familia zilizobomolewa makazi zaidi ya mara moja. Yote mawili ni kweli na yanapaswa kusemwa pamoja.

Wachimbaji wadogo wa dhahabu nao wana mwendo wao. Habari ikisikika kwamba duara fulani, yaani shimo la kuchimbia, limetema dhahabu, rashi inaanza, iwe Ibindi au Dirifu. Ndani ya siku chache panakuwa na mistari ya maturubai juu ya fito, vitanda vya miti, mama ntilie, wauza vocha, karasha inayosaga mawe na mialo ya kuoshea. Mwenye duara huwalisha watu wake, nao hulipwa kwa mgawo wa mifuko ya mawe. Jiwe likikosa dhahabu, hakuna malipo. Turubai linakunjwa, mchimbaji anapanda bodaboda na begi moja kwenda rashi nyingine.

Siku hizi kambi kubwa zaidi ni za wajenzi. Barabara ya lami ya Tabora–Koga–Mpanda, zaidi ya kilomita 340, ilijengwa na watu waliolala kwenye makontena yaliyokatwa madirisha, yanayopakiwa kwenye lori kipande cha barabara kikikamilika. Bandari ya Karema imejengwa hivyo hivyo, na serikali imepanga reli ya kisasa ipite Mpanda kwenda Karema. Kambi nyingine zinakuja. Mikataba ya miradi hiyo ingetamka tangu mwanzo kwamba kisima, choo na zahanati ya kambi vibaki kwa kijiji mkandarasi anapoondoka, kwa sababu bila hivyo kinachobaki ni zege lililovunjika na mashimo ya kifusi.

Kuna jambo moja lisiloweza kusubiri mkataba wowote. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1955 kwenye mgodi wa Mpanda leo yuko kwenye miaka ya 90. Anajua vyumba vilipangwaje, posho ilitolewa siku gani, nani walitoka Buha, nani Ufipa, nani Nyasaland, Malawi ya leo. Simulizi hizo zinazikwa kila mwaka katika mitaa ya mjini kama Makanyagio na Kashaulili, na katika vijiji vya kando ya reli. Manispaa ya Mpanda na shule za sekondari za mkoa zinaweza kuzikusanya kwa gharama ndogo kabisa, zikianza na wazee wa mtaani kwao. Na wewe mwenye babu au bibi aliyeshuka treni Mpanda akifuata kazi, kaa naye, washa simu umrekodi, na kama kipande chake bado kipo kwenye sanduku, kipige picha.