Majuma Saba Porini

Wenyeji wa asili wa Australia, walipokusanywa katika misheni na mashamba ya mifugo, walizoezwa posho ya unga, sukari na chai. Baadaye ugonjwa wa sukari ukawaenea. Mwaka 1982, wagonjwa 10 wa kaskazini-magharibi walikubali kurudi katika nchi ya mababu zao pamoja na mtafiti Kerin O'Dea. Kwa majuma 7 waliwinda kangaruu, wakavua samaki na kuchimba viazi vya mwituni. Kila mmoja alipungua takriban kilo 8 kwa wastani, na sukari katika damu ikashuka sana. Maabara ilitoa vipimo. Elimu ya chakula ilikuwa yao wenyewe. Basi, tukiwataja wapimaji peke yao, tumeandika nusu ya historia.